Tundu la keekee

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Uliniuliza mbona mwezi mzima nimekuwa kimya. Nilikuwa nasoma kitabu, na kila nilipotaka kukupigia niliona maneno haya hayasemeki kwa simu. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Unamkumbuka yule dada niliyekusimulia, Mmarekani mweusi ninayefanya naye zamu za usiku? Siku moja nilimkuta analia. Mzee mmoja tunayemhudumia alikataa kuguswa naye, akamwita jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Alipokwenda kushitaki kwa mkubwa wetu, akaambiwa huenda hakusikia vizuri. Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia apuuze tu. Moyoni nilikuwa na lile neno tunalolisema tuliokuja huku kutoka Afrika tunapokuwa peke yetu, kwamba wenzetu hawa wanang'ang'ania mambo ya kale. Hakunijibu. Juma la pili akaniletea kitabu kilichochakaa, akasema nikishakisoma tutazungumza.

Aliyekiandika ni Harriet Jacobs, aliyezaliwa utumwani mwaka 1813 katika mji wa Edenton, North Carolina. Bibi yake alikuwa mwokaji hodari. Akishamaliza kazi za mabwana, usiku anaoka biskuti za kuuza, akaweka dola 300 ili siku moja akomboe watoto wake. Mwanamke aliyemmiliki akazikopa. Alipokufa, mkwewe aliyesimamia mirathi akasema sheria hairuhusu deni la mtumwa kulipwa. Lakini kinara cha fedha kilichonunuliwa kwa pesa zile zile, hicho sheria haikumzuia kukichukua! Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikaenda kusimama dirishani.

Harriet mwenyewe aliachwa kama urithi kwa mtoto wa miaka mitatu, na baba wa mtoto huyo, daktari, akaanza kumwandama tangu akiwa kigoli. Mke wa daktari aliyaona yote, na hasira zake akazimwaga kwa msichana. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo hakuna mwalimu aliyetufundisha. Koloni la Virginia lilitunga sheria mwaka 1662 kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake, na makoloni mengine yakashika njia hiyo hiyo. Maana yake, bwana akimwingilia kwa nguvu mwanamke aliyemmiliki, kinachozaliwa si aibu yake, ni mali yake. Uzazi wa mwanamke mweusi ukawa shamba la mtu mwingine. Wanaume waliotoroka utumwa waliandika sana kuhusu mijeledi, na haki yao. Lakini haya ya chumbani yalihitaji mwanamke ayaseme.

Mwaka 1835 alijificha ili amkwepe daktari huyo. Si mbali, mwenzangu. Ni katika uwazi mdogo chini ya paa la kibanda kilichoungana na nyumba ya bibi yake, urefu futi 9, upana 7, na pale paa lilipoinuka zaidi futi 3 tu. Hawezi kusimama. Panya wanampita mwilini. Akaokota keekee gizani akatoboa tundu dogo la kupitisha hewa na mwanga, na mtu wa kwanza kumwona barabarani kupitia tundu lile akawa yule yule daktari. Lakini kupitia hapo hapo aliwaona wanawe wawili wakicheza, nao hawajui kwamba mama yao yuko juu yao. Akawashonea nguo za Krismasi humo humo. Akaandika barua zikapelekwa kutiwa posta New York, ili daktari aamini amekimbilia kaskazini. Alikaa humo karibu miaka 7, hadi alipopata chombo cha kumtorosha mwaka 1842. Miaka 10 baadaye mama wa familia aliyoifanyia kazi New York akamnunua kwa dola 300 ili awe huru, na Harriet hakufurahi. Aliumia kwamba mtu anauziwa uhuru wake kwa hati.

Kitabu kilitoka mwaka 1861 kwa jina la kubuni. Na unajua watu walisemaje? Kwamba hakiwezi kuwa chake, kwamba aliyekiandika ni yule mwanamke mweupe aliyemsaidia kukihariri. Hata wasomi wa historia walikitilia shaka, mpaka miaka ya 1980 mtafiti Jean Fagan Yellin alipothibitisha kwa barua za Harriet mwenyewe. Zaidi ya miaka mia moja mwanamke anasema yaliyompata, na anaambiwa si yeye aliyesema.

Nikamkumbuka dada wa zamu. "Huenda hukusikia vizuri." Nilimwomba radhi. Alinikubalia, lakini alikaa muda mrefu kabla ya kusema kitu, na nadhani ilikuwa haki yake.

Sasa nikwambie linaloninyima usingizi. Harriet alifariki Machi 1897. Mwezi uliofuata, Aprili, Sultani wetu Sayyid Hamoud alitia saini amri ya kufuta utumwa Zanzibar, na masuria, wale watumwa wa kike waliowekwa na mabwana zao kama wake, wakaachwa nje. Walingoja hadi 1909. Sisi tumezoea kusema kwetu mtoto wa suria alikuwa huru, hata masultani walizaliwa na masuria. Ni kweli, na ni tofauti kubwa na Virginia. Lakini tunazungumza habari za mtoto tu. Mama yake aliulizwa na nani kama anataka?

Bibi yako husema bibi yake "alilelewa" katika nyumba ya wakubwa Mji Mkongwe. Tumelisikia neno hilo tangu utotoni na hatukuwahi kuuliza alitoka wapi, wala jina lake la kwanza lilikuwa lipi. Tafadhali muulize, maadam tunaye. Usimuulize mbele za watu. Mpelekee tambuu yake baada ya alasiri, kaa naye barazani, muulize taratibu. Akinyamaza, usimkatize.

Nisalimie mama na watoto. Nasubiri barua yako, si sauti ya simu.

Mwenzio wa siku zote