Data za mvua zitolewe, na historia ya kituo iambatane nazo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie data za tabianchi, hasa mvua inayopimwa kila siku kwenye vituo vya hali ya hewa. Leo mtafiti aliyeko Morogoro anapakua bure makadirio ya modeli za dunia, yaani programu za kompyuta zinazokadiria tabianchi, hadi mwaka 2100. Akihitaji mvua ya kila siku ya kituo kilicho jirani na shamba analolichunguza, katika nchi nyingi za Afrika ataambiwa aandike barua, alipe ada, kisha asubiri. Wengi hukata tamaa wakabaki na modeli tupu, na mpango wa wilaya unaandikwa kwa namba ambazo hakuna aliyezilinganisha na mvua iliyonyesha.

Modeli nyingi za dunia huigawa nchi katika miraba yenye upande wa kilomita 100 hivi, na za kanda kilomita 25 hadi 50. Mraba wa kilomita 50 waweza kumeza kilele cha Mlima Kilimanjaro cha mita 5,895 pamoja na tambarare za Moshi, ukatoa joto moja na mvua moja kwa wote. Mwenye kahawa Marangu na mwenye mahindi huko chini wanapewa jibu lisilo la huyu wala la yule. Tena modeli nyingi zimekuwa zikionyesha masika ya Afrika Mashariki yakiongezeka, wakati vipimo tangu miaka ya 1980 vilionyesha yakipungua. Tofauti hiyo ilijulikana kwa sababu vipimo vilikuwepo.

Lakini kutoa namba peke yake hakutoshi. Kipimamvua cha kawaida kina mdomo wa kipenyo cha milimita 127, kwa hiyo milimita 1 ya mvua ni mililita 12.7 za maji, na glasi yake imechorwa mistari kwa mdomo huo. Glasi ikivunjika, ikaletwa ya kipimamvua chenye mdomo wa milimita 203, mvua ya milimita 40 itaandikwa haifiki 16. Daftari halitasema kitu. Miaka 20 baadaye mtu atachora grafu na kutangaza kwamba ukame ulianza mwaka ule.

Saa nayo inapoteza wengi. Msomaji wa kituo hupima saa 3 asubuhi mvua ya saa 24 zilizopita, ilhali siku ya data za setilaiti kwa kawaida huanza saa 6 usiku ya Greenwich, yaani saa 9 usiku kwetu. Mvua ya saa 10 jioni tarehe 12 inaweza kukaa tarehe 13 daftarini na tarehe 12 kwenye setilaiti. Anayelinganisha siku kwa siku ataona setilaiti haifai, kumbe ni tarehe tu. Na siku ambayo hakuna aliyepima isijazwe sifuri: Jumapili ikirukwa, mvua ya Jumatatu ni ya siku mbili.

Kwa wanaotumia senario, yaani picha mbalimbali za kiasi cha hewa ukaa kitakachotolewa siku zijazo, tunasisitiza uangalifu uleule. Kizio cha mvua katika faili za modeli ni kilo kwa mita mraba kwa sekunde. Zidisha kwa 86,400 upate milimita kwa siku. Baadhi ya modeli za Uingereza zina mwaka wa siku 360, hivyo Februari ina tarehe 30, na programu isiyoarifiwa itasogeza msimu mzima. Msichague modeli moja kwa kuwa ndiyo iliyofunguka haraka. Senario ya utoaji mdogo wa hewa ukaa na ile ya utoaji mkubwa sana zinakaribiana mno hadi 2040, kiasi cha nyuzi joto 1.5 na 1.6 za Selsiasi juu ya wastani wa joto la dunia wa 1850–1900. Mwisho wa karne zinaachana: 1.8 na 4.4. Anayechagua mbegu za miaka 10 ijayo ahangaike zaidi na tofauti kati ya modeli na mabadiliko ya msimu. Anayejenga daraja la miaka 80 ndiye hasa wa kupima senario zote.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipitisha sera mpya ya data Oktoba 2021, inayohimiza watafiti wa umma na vyuo wapewe data bila malipo kwa kazi zisizo za biashara. Tunaomba kazi ianze na daftari za 1991 hadi 2020, kipindi kinachotumika sasa kukokotoa wastani. Kila kituo kiwe na faili moja ya mvua na joto la kila siku, na ukurasa mmoja wa historia: latitudo, longitudo, mwinuko, saa ya kupima, tarehe kilipohamishwa, tarehe chombo kilipobadilishwa, na alama ya siku zisizopimwa. Mtafiti atakayegundua kosa alirudishe kwa mamlaka iliyompa, akitaja tarehe na sababu, ili faili ya awali ibaki ilivyo na iliyosahihishwa ipewe namba mpya ya toleo.

Watafiti wa kilimo na tabianchi,
Morogoro