Tufundishe Kiingereza kinachoamuru bila kumtaja mtendaji

Bwana Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala mliyoichapisha kuhusu maandalizi ya mtihani wa Taifa katika somo la Kiingereza, na ninakubaliana na mwandishi wake kwamba wanafunzi wetu hawaimudu kauli ya kutendwa. Nisilokubaliana nalo ni tiba aliyoipendekeza, yaani kuongeza mazoezi ya kugeuza sentensi. Mazoezi hayo tunayo tele. Mwanafunzi yeyote wa Katuba au Kamalondo, mitaa ya Lubumbashi, aliye karibu kumaliza sekondari amekwisha kuambiwa mara nyingi ageuze "The dog bit the man" iwe "The man was bitten by the dog", na wengi wanaigeuza bila kosa. Lakini mpe huyo huyo karatasi ya maelezo iliyobandikwa kwenye dumu la asidi, au mkataba wa kibarua wa kurasa mbili, nawe utaona anavyokwama tangu mstari wa kwanza.

Sababu ni kwamba Kiingereza kinachotufikia huku Lubumbashi hakina habari ya mbwa na aliyeumwa. Kinaingia na malori yanayopita mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, nchi ambayo lugha yake rasmi ni Kiingereza, na pamoja na mizigo iliyoshushwa Durban au Dar es Salaam. Tunakiona kwenye katoni, kwenye malango ya migodi, kwenye risiti na kwenye mikataba. Humo kauli ya kutendwa haitembei peke yake, bali hutanguliwa na kitenzi kisaidizi cha ulazima, cha uwezo au cha ruhusa: "Helmets must be worn", "This gate must be kept closed", "Payment should be made in advance", "The battery can be replaced". Muundo ni ule ule daima, kisaidizi kwanza, kisha "be", kisha umbo la tatu la kitenzi (kama "worn" au "kept"), na lile neno "by" tunalolipigia mstari ubaoni halionekani kabisa. Anayesoma tangazo langoni anajua kuwa mwenye kuvaa kofia ngumu ni yeye, kwa hiyo aliyeliandika haoni haja ya kumtaja. Tena kusema kwamba jambo fulani lifanywe kunapunguza ukali wa kumwamuru mtu usoni, na ndiyo maana maofisi yanaupenda sana usemi huo.

Sidai kwamba Waingereza huongea hivyo sebuleni. Katika mazungumzo ya kawaida kauli ya kutendwa ni haba kuliko katika maandishi ya kiofisi na ya kitaalamu, na mtu akizungumza na jirani yake atamwambia tu "you have to wear a helmet". Lakini Mkongomani wa hapa hana jirani Mwingereza. Kiingereza chake cha kila siku ni hicho cha matangazo na mikataba.

Yapo magumu ambayo mazoezi ya kugeuza sentensi hayayagusi hata kidogo, na mfano ulio karibu nasi ni taarifa za usafirishaji. "The container must be sealed" ni amri: kontena lazima litiwe lakiri. Sasa soma hii: "The seal must have been broken at the border." Mwanafunzi aliyekariri kwamba "must" maana yake ni lazima ataandika kwamba lakiri ilipaswa kuvunjwa mpakani, kana kwamba palikuwa na agizo la kuivunja, ilhali aliyeandika taarifa hakuagiza lolote, kwa dalili alizoziona anakisia kwamba bila shaka ilivunjwa huko. Kwa tafsiri ya kwanza dereva ni mtu aliyetekeleza agizo, na kwa maana halisi ni mtu anayeweza kuitwa kujieleza. Kwa upande mwingine, "The seal should have been checked" haimwambii msomaji kwamba lakiri ilikaguliwa. Inasema ilipaswa kukaguliwa, na kwa kawaida hudokeza kwamba haikukaguliwa. Anayejua Kifaransa ana msaada hapa, kwa kuwa "a dû être brisé" nayo hubeba maana ya kukisia, lakini ni walimu wachache wanaoutumia msaada huo darasani.

Halafu kuna "may not be", ambayo kwa maoni yangu imewasumbua wafanyabiashara wetu kuliko usemi mwingine wowote. "Bags may not be left here" ni katazo: hairuhusiwi kuacha mifuko hapa. "The goods may not be delivered this week" si katazo, ni shaka: huenda bidhaa zisifikishwe wiki hii. Basi mtu aliyeagiza bidhaa Ndola au Lusaka akitoa malipo ya awali, na kwenye risiti pameandikwa "The deposit may not be refunded", aelewe nini? Sentensi hiyo inaweza kusema kwamba avansi hairudishwi kamwe, na inaweza kusema kwamba huenda isirudishwe. Mwalimu hawezi kukata shauri kwa sarufi peke yake. Anachoweza ni kumfundisha mnunuzi adai, kabla ya kutoa fedha, sentensi hiyo iandikwe upya kwa "will not be", au masharti ya kurudishiwa yatajwe moja baada ya jingine.

Uzito wa visaidizi hivi nao hupimwa ovyo. Katika kanuni za barabarani za Uingereza, "must" huonyesha jambo linalodaiwa na sheria na "should" huonyesha ushauri, na tofauti hiyo ina maana mbele ya hakimu. Nchini Marekani mwongozo wa serikali kuhusu lugha nyepesi unawashauri waandishi watumie "must" mahali pa "shall", kwa kuwa "shall" imekuwa na maana nyingi mno. Sisi tunavifundisha vyote kwa neno moja la Kiswahili, kisha tunashangaa wanafunzi wanapovichanganya.

Lililonisukuma hasa kuandika, Bwana Mhariri, ni suala la mtendaji anayefichwa. Nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mkataba ulioianzisha Jumuiya hiyo, uliotiwa saini Arusha mwaka 1999, unasema katika kifungu cha 137: "Kiswahili shall be developed as a lingua franca of the Community." Kiswahili kitaendelezwa. Na nani? Na sekretarieti, na serikali za nchi wanachama, au na sisi walimu? Kifungu chenyewe hakimtaji yeyote. Linganisha na Katiba yetu ya mwaka 2006, ambayo katika ibara ya kwanza inataja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, kisha inasema waziwazi kwamba Dola ndiyo inayohakikisha lugha hizo zinakuzwa bila ubaguzi. Hapo raia anajua amdai nani. Kwenye kifungu cha 137 ana ahadi nzuri isiyo na mdaiwa.

Kiswahili hakishindwi kusema lolote kati ya hayo. Neno moja, "lifungwe", linabeba amri ambayo Kiingereza hukihitaji kisaidizi na "be" ili kuitoa, na tukitaka kumtaja mtendaji tunaongeza "na mlinzi", mambo yamekwisha. Kwa hiyo mtafsiri anayeacha nafasi ya mtendaji wazi amechagua kuiacha, hakulazimishwa na lugha.

Ningependa walimu wenzangu wa Kiingereza wapunguze sentensi za mbwa na kuleta darasani vibandiko, risiti na kurasa za mikataba, na mbele ya kila sentensi wamwulize mwanafunzi maswali mawili: hii ni amri, ushauri, ruhusa au makisio, na mwenye kutenda ni nani? Kwenu wahariri ombi langu ni dogo zaidi. Mnapochapisha kwa Kiswahili tangazo la Jumuiya au la kampuni ya mgodi lililoandikwa kwa Kiingereza, mtajeni mtendaji ikiwa maandishi mengine ya tangazo hilo yanamwonyesha. Na pale ambapo hayamwonyeshi, ongezeni mstari mmoja chini ya tafsiri, kwamba tangazo halikusema ni nani atakayefanya kazi hiyo.

Wenu katika usomaji,
Mwalimu wa Kiingereza, Katuba, Lubumbashi