Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Usemaji wa Wasanii kwa Mgeni Rasmi, Jijini Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa viongozi mliopo, wazee wetu wa taarabu na wa dansi, walimu, wazazi, wasanii wenzetu, mabibi na mabwana: shikamooni wakubwa zetu, na wenzetu tunawasalimu.

Kwanza tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako na kuja kutusikiliza.

Sisi ni vijana wa Ngamiani, Makorora, Chumbageni na Pongwe. Tumejifunza kumsemea msanii: kuandika taarifa kwa vyombo vya habari, kupanga mahojiano, kusimamia kurasa zake mitandaoni na kutunza kumbukumbu za kazi zake. Mtaani wapo wanaotuita mapromota, na wapo wanaotuita machawa. Promota anaandaa shoo na kutia fedha zake humo. Chawa anamsifia mwenye hela. Sisi kazi yetu ni kuhakikisha umma unapata habari sahihi za msanii, na msanii anapata haki ya kusikika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Tanga haikuanza muziki jana. Katika miaka ya 1960 na 1970 nyimbo za bendi zetu za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilichezwa nchi nzima, na vikundi vya Black Star na Lucky Star vikaipa taarabu ya pwani sura mpya kwa magitaa na besi. Sauti ya Bi Shakila binti Saidi ilichomoza katika vikundi hivyo. Lakini mwenzetu mmoja alipoleta darasani sahani ya santuri ya babu yake, yenye nembo ya Mzuri iliyokuwa ikitolewa na duka la Assanand la Mombasa, tulisoma maandishi yake yote kwa dakika moja tu. Jina la kikundi lipo, na la wimbo lipo. Aliyepiga fidla hayupo, wala aliyepiga ngoma. Mzee mmoja aliyekuwepo siku ile aliwataja kwa majina, mmoja baada ya mwingine, nasi tukaandika haraka haraka kwenye daftari. Majina yale yamebaki kwa kuwa mzee yule bado yupo hai.

Ndiyo maana tunasema kazi ya msemaji si kupiga kelele tu. Zamani nafasi ilikuwa finyu. Redio ya taifa ilikuwa moja, Redio Tanzania Dar es Salaam, na bendi ikisharekodi kule, nyimbo zake zilifika hadi vijijini bila mtu wa katikati. Zilipokuja redio binafsi, Radio One mwaka 1994 na Clouds FM mwaka 1999, milango ikawa mingi na kila mlango ukawa na mwenyewe. Hapo ndipo kazi ya kusukuma nyimbo ilipokua. Kijana anapanda basi la Dar es Salaam na CD kwenye mfuko wa plastiki, anasubiri nje ya geti la redio mtangazaji atoke, anamkabidhi wimbo na kumwomba aukumbuke. Wengi waliombwa hela ya soda, na asiyekuwa nayo wimbo wake ulibaki kwenye droo.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Huko Marekani kashfa ya watangazaji kulipwa kwa siri ili wapige nyimbo ililipuka mwaka 1959, na mwaka uliofuata sheria ya utangazaji ikarekebishwa kuyapiga marufuku malipo hayo ya kificho. Tunalitaja kwa sababu bado lipo, na linamuumiza zaidi msanii wa mkoani.

Kisha ikaja intaneti. Tarehe 13 Desemba 2013 Beyoncé alitoa albamu yake bila tangazo lolote la awali, na kwa siku tatu ikauza nakala zaidi ya 600,000 Marekani peke yake. Wengi wakasema wasemaji wa wasanii sasa hawana kazi. Sisi tunaona tofauti. Kuficha albamu nzima, pamoja na video zake, hadi saa ya kutoka ni kazi ya watu waliojua kupanga habari, na Beyoncé tayari alikuwa na jina la kumbeba. Binti wa Makorora anayetoa wimbo wake wa kwanza kimya kimya, hakuna atakayejua kama ametoa.

Kilichobadilika ni mahali kazi inapofanyika. Leo wimbo unatakiwa kuandaliwa kabla haujatoka. Spotify, mtandao wa kusikiliza muziki, kwa mfano, inataka wimbo upendekezwe kwa wahariri wake angalau siku saba kabla ya kutoka, ukiwa na maelezo ya mtindo, ala na lugha. Kila rekodi inahitaji msimbo wake wa ISRC, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi, wenye jumla ya herufi na tarakimu 12, na majina ya mtunzi na mtayarishaji yaandikwe sawasawa, kwa sababu jina likikosewa malipo hupotea njia. Haya yote siku hizi yanamwangukia msemaji, na yanafanyika hapa hapa Tanga kwa simu na bando. Basi la Dar es Salaam si lazima tena.

Mheshimiwa, tuseme wazi pia kuhusu kiki. Vijana wengi wanafundishwa kwamba bila ugomvi wa kutunga, penzi la kutunga au hata msiba wa kutunga, wimbo hauendi. Tumeazimia kutoifanya kazi hiyo. Kiki inamtangaza mtu, wimbo unabaki nyuma, na mwandishi aliyedanganywa mara moja hapokei tena simu ya Tanga. Atakayeumia ni msanii anayekuja baadaye na habari ya kweli.

Changamoto yetu kubwa ni malipo. Meneja ana asilimia yake na prodyuza ana bei yake, lakini msemaji analipwa shukrani. Wimbo ukifanya vizuri ni kipaji cha msanii, ukikwama ni uzembe wa msemaji. Tumeandaa mfano wa mkataba wa kurasa mbili unaotaja kazi, muda na malipo, na tunaomba maofisa utamaduni wetu waupitie ili wasanii wa Jiji waanze kuutumia.

Tunaomba pia chumba kimoja chenye umeme na intaneti, kiwe popote ndani ya Jiji, ambapo msanii asiye na kompyuta atakuja kusajili kazi yake COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kuandaliwa taarifa zake. Redio zilizopo mkoani tunaziomba zitenge muda maalumu kwa nyimbo za Tanga, bila hela ya soda.

Na ombi letu la mwisho ndilo lenye haraka kuliko yote. Tupewe barua ya utambulisho na nauli za ndani ya mkoa, tuwafuate wanamuziki wazee majumbani mwao, tuwarekodi wakieleza nani alitunga nini na nani alipiga nini. Daftari letu lina majina machache mno, na wazee wetu wengine hali zao si nzuri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mkataba tumeuambatanisha na risala hii, pamoja na majina ya wazee watano waliokubali kuanza nasi mwezi huu.

Tunaomba kuwasilisha.