Barua ya wazi kwa Naibu Chansela: Hata mtihani wa kurudia mmeuweka Jumamosi

Kwako Profesa, Naibu Chansela,

Salamu kutoka Nyandarua, ambako mvua imekatika mapema na viazi vimetoka vidogo kama vifungo vya shati. Jina la chuo chako siliandiki. Binti yangu bado yu mikononi mwenu, na wewe ukisoma utajijua.

Jumatatu hii mmebandika ratiba ya mitihani ya kurudia. Binti yangu yumo, somo la takwimu, lile lile alilopata sifuri mwezi wa nne kwa sababu lilitahiniwa Jumamosi naye hakwenda. Nilimwomba anisomee siku kwenye simu. Akanyamaza, kisha akasema, "Jumamosi, Baba. Saa tatu asubuhi."

Profesa, nilicheka. Mama yake akatoka jikoni mbio akidhani tumepata habari njema.

Nikukumbushe kidogo, maana najua una mengi. Mwezi wa tano nilikuja ofisini kwako. Nilipanda matatu ya alfajiri, nikakaa kwenye kiti cha nje mpaka saa nane mchana, na uliponiita ulinipokea vizuri, hilo silikatai. Hata chai niliandaliwa. Ukaniambia, "Mzee, hilo ni jambo dogo, nitalishughulikia wiki hii." Nadhani wiki hiyo bado haijaisha.

Sisi ni Wayahudi. Najua maneno hayo huwatatiza watu. Karani wenu alimuuliza msichana, mbele ya foleni nzima, "Wewe Mkikuyu, Uyahudi umeutoa wapi?" Mimi mwenyewe nikipita sokoni na kofia yangu ndogo, wengine hunipa "Asalaam aleikum", wengine huniona kama Mkorino, wale Wakristo wa kilemba, aliyepungukiwa na kitambaa. Siwalaumu. Kule Kasuku tuko familia chache tu. Lakini sijaona mahali Katiba ilipotaja idadi ya watu wanaohitajika ndipo dini yao ihesabiwe.

Sabato yetu huanza Ijumaa jua likizama, na huku karibu na ikweta jua halibahatishi, ni kama saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima. Huisha Jumamosi usiku nyota tatu zikionekana. Ndani ya muda huo kuna kazi 39 ambazo marabi wa kale walizikataza, na kuandika ni mojawapo. Herufi mbili tu zinatosha kuivunja siku. Ninyi mnataka kijitabu kizima, na grafu juu.

Mhadhiri mmoja alimwambia kwamba madaktari wa Kiyahudi hufanya kazi Jumamosi, kwa hiyo yeye anajifanya mtakatifu kuliko wenzake. Ni kweli hufanya. Kuokoa uhai huiondoa Sabato njiani, hiyo nayo ni sheria yetu. Siku mtihani wa takwimu utakapomfufua mtu, binti yangu atakuwa wa kwanza mlangoni.

Sasa tuje kwenye sheria, ambayo wewe unaijua kuliko mimi mkulima. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu asinyimwe nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yake, wala asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume cha dini yake. Na Machi 2017 Mahakama ya Rufaa iliwasikiliza Waadventista Wasabato waliolalamikia masomo ya Jumamosi, ikasema shule ziwape nafasi. Utaniambia hiyo ilikuwa kesi ya shule, hiki ni chuo. Sawa. Basi nionyeshe ukurasa unaosema kifungu cha 32 humalizika kidato cha nne.

Hatukuja jana, pia. Mwaka 1903 Waingereza walijitolea kuwapa Wazayuni, Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe, nyanda za Uasin Gishu wazifanye makao ya Wayahudi, na mkutano wao wa Basel ukazikataa 1905. Ndugu zetu Abayudaya, Wayahudi wa Mbale kule Uganda, walioanzishwa na Semei Kakungulu 1919, walipigwa marufuku na Idi Amin, wakasali kwa kujificha mpaka alipoanguka 1979. Mimi nilidhani nchi hii imetuvusha mbali na mambo ya kujificha. Lakini mwezi wa nne rafiki zake walimshauri mtoto wangu aseme alikuwa mgonjwa, alete cheti cha kliniki, atapewa mtihani mwingine bila maswali. Yaani kwenu uongo una fomu yake, ukweli ndio hauna.

Sidhani mnatuchukia. Nadhani kumbi ni chache, wanafunzi wa wikendi ndio wanaolipa pesa taslimu, na ratiba hupangwa na mtu aliyechoka anayejaza nafasi tupu. Au ni kompyuta. Vyovyote iwavyo, aliyekatwa alama ana jina na namba ya usajili.

Na mimi pia nina hesabu yangu. Karo ya muhula huo niliuza mtamba aliyekuwa na mimba ya miezi sita. Sasa kurudia somo kunalipiwa upya, na sina mtamba mwingine. Mama yake ameacha kuweka akiba ya chama. Wenzake watavaa majoho Desemba. Yeye ameacha kuzungumzia Desemba kabisa. Usiku nikiamka kuangalia ng'ombe huona taa ya chumba chake inawaka, na mtihani wenyewe hauogopi, anaujua. Anachokiogopa ni siku.

Kuna wakili amejitolea kutusimamia bila malipo. Mungu ambariki, lakini najua mahakama zinavyokwenda. Kule Yerusalemu mawakili wa Wayahudi wa Mageuzi, tawi la dini yetu lenye msimamo huria, walifungua shauri 2005 ili waongofu wao watambuliwe kuwa Wayahudi, na hukumu ikatoka Machi 2021. Walishinda. Binti yangu hana miaka 15. Ana wiki mbili.

Hatuombi maswali mepesi. Hatuombi alama. Tulikwisha kusema kwamba mkitaka, mfungieni chumbani Ijumaa jioni bila simu, na msimamizi wenu mlangoni, aandike Jumamosi usiku nyota zikitoka. Mishumaa tutaleta sisi. Au muwekeni Jumapili. Au Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, nitamleta mwenyewe kwa bodaboda.

Siku nyingine, Profesa. Siku yoyote nyingine.

Mzazi,
Nyandarua