Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Sampuli Zinazoondoka Mtwara na Majibu Yake

Ndugu wanachama, wasindikaji wenzangu wa karanga, mihogo na nafaka wa Mtwara Mjini, Mikindani, Nanyamba, Masasi na Nanyumbu, pamoja na wenzetu wa Nachingwea mliojiunga nasi kutoka Lindi,

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwisho wa mwaka, na nawapa pole wote waliofiwa. Mambo ya fedha yamo kwenye taarifa ya mweka hazina, sitayarudia. Wanaodaiwa ada wanajijua, wamalizane naye kabla ya mkutano mkuu. Maturubai ya kuanikia tuliyonunua kwa pamoja yamegawiwa, na yaliyobaki yako stoo kwa katibu.

Nafasi iliyosalia naitumia kwa jambo lililonichukua muda kuliko mengine yote mwaka huu, nalo ni uhusiano wetu na watu wanaopima chakula chetu: serikali upande mmoja, vyuo upande wa pili, na sisi wenye magunia katikati.

Wakongwe wa chama wanakumbuka msimu ule vijana wa chuo kimoja walipofika na barua yenye muhuri, wakazunguka kwa wanachama wakichota karanga. Tuliwapokea vizuri. Mama mmoja wa Nanyamba aliwachinjia kuku. Wakajaza madodoso, wakatupiga picha, wakaondoka. Mpaka leo hakuna aliyeletewa jibu. Hatukujua kama karanga zile zilikuwa nzima au mbovu, na muda wote huo tuliendelea kusaga, kupakia na kuuza. Hilo ndilo lililoniuma. Kama zilikuwa na sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu, yuko mtu aliyejua, na mtu huyo hakuwa mama anayemkorogea mwanawe uji.

Ndiyo maana mwaka huu watafiti wengine walipobisha hodi, kamati yenu iliwapa sharti kabla hawajafungua gunia hata moja: majibu yarudi kwa kila aliyetoa sampuli, kwa Kiswahili, na kabla ya mavuno mengine. Walisita. Wakasema kwa kawaida matokeo husubiri tasnifu ikamilike. Tukawajibu kwamba walaji wetu hawana nafasi ya kusubiri tasnifu. Wakaelewa, tukaandikishiana, nakala ipo ofisini na kila mwanachama anaruhusiwa kuisoma.

Lakini mabishano makubwa zaidi yalikuwa ndani ya chama chenyewe. Swali lililorudiwa kila kikao lilikuwa hili: tukimpa mtafiti karanga leo, kesho si atakuja mkaguzi na kufuli? Silidharau swali hili, kwa sababu wanaoliuliza ni watu ambao mashine yao ndiyo ada ya shule na ndiyo dawa hospitalini. Wengi wetu tulipambana kupata barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, tukapambana tena mpaka TBS, Shirika la Viwango, wakatupa alama ya ubora. Hakuna anayetaka kuipoteza kwa sababu ya mwanafunzi na mfuko wake wa nailoni.

Maelezo niliyotoa kikaoni nayaweka hapa kwa ambao hawakuwepo. Mkaguzi anapochukua sampuli anataka kujua jambo moja: mzigo huu umefaulu au umefeli. Ana sheria mkononi na anaweza kuuzuia. Mtafiti anataka kujua kwa nini: shamba gani, mbegu gani, ulianikwa wapi, ulikaa stoo siku ngapi. Sampuli yake hupewa namba badala ya jina. Mkaguzi hana muda wa kukaa kijijini miezi sita akiuliza kwa nini, na mtafiti hana uwezo wa kisheria wa kubadili kiwango au kuondoa bidhaa sokoni. Kila mmoja ana nusu ya kazi, na wanaposhirikiana, nusu mbili zinakutana. Tulikubaliana kwamba majina yetu yabaki namba. Tulikubaliana pia, na hili nililisimamia mwenyewe japo wengine walinuna, kwamba mzigo ukionekana umezidi kiwango na bado upo stoo au dukani, mwenyewe anauondoa siku hiyo hiyo. Kutunza jina la mwanachama ni haki. Kuacha sumu mezani kwa mtu ili jina litunzwe, hapana.

Majibu yaliporudi, mzigo mmoja wa siagi ya karanga ulikuwa umezidi kiwango. Ulikuwa wangu.

Nawaambia wazi kwa sababu nisingependa mwanachama yeyote afikiri kwamba aliyezidi kiwango ni mchafu au mwizi. Nilizunguka duka kwa duka, Magomeni na Chikongola, nikakusanya chupa zilizobaki. Kisha nikakaa na watafiti tukarudisha hatua nyuma mpaka kwa waliokuwa wakinibangulia. Huko tukakuta kitu ambacho wengi wetu tumekifanya tangu utotoni: maganda yakiwa magumu, tunayanyunyizia maji yalainike ili vidole visiumie. Karanga iliyokaushwa vizuri, unyevu ukiwa asilimia 7 au 8, inarudishiwa maji, inatiwa kwenye gunia, linafungwa mdomo. Kuvu hahitaji kitu kingine. Mkaguzi angeniambia nimefeli, na angekuwa sahihi, lakini asingejua habari ya maji. Mtafiti peke yake angeandika habari ya maji katika jarida ambalo wabanguaji wangu hawatalisoma kamwe. Safari hii niliisikia nikiwa nimekaa kwenye mkeka pamoja na wabanguaji wenyewe.

Kwa wanachama wapya, kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu karanga kuzidi mikrogramu 10 za aflatoksini zote, ndiyo sumukuvu ninayoisema, kwa kilo, na aina ya B1, ambayo ndiyo kali zaidi, isizidi 5. Mikrogramu 10 kwa kilo ni sawa na gramu moja ndani ya tani 100. Haionekani, haina ladha, na moto wa jikoni hauimalizi. Kukaanga hupunguza sehemu tu. Inaharibu ini, na kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari ya saratani ya ini huongezeka mara nyingi. Tena haisambai sawasawa: punje chache zilizosinyaa au kubadilika rangi zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia. Ndiyo maana kuchambua kwa mkono kunasaidia sana, na ndiyo maana pia konzi moja ya juu ya gunia haikupi ukweli. Sampuli ichotwe juu, kati na chini, katika kila gunia, isagwe na kuchanganywa ndipo ipimwe.

Sasa niseme kwa nini, pamoja na uchungu wa majibu yale yasiyorudi, sikuunga mkono hoja ya kuwafungia watafiti mlango. Sababu ni muhogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati wa njaa, watu wa Masasi waliugua kwa kula muhogo mchungu uliotayarishwa kwa haraka. Makopa, yaani vipande vya muhogo mkavu, yanahitaji siku nyingi za jua. Njaa haikuwapa siku hizo, wakatumia njia ya mkato ya chinyanya, kutwanga na kuanika, kutwanga na kuanika, mpaka upatikane unga. Watu wa Taasisi ya Chakula na Lishe, akiwemo Nicholas Mlingi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Uppsala kule Sweden, hawakuishia kuandika kwamba watu wa kusini wanakula vibaya. Walifuata hatua za usindikaji moja moja, wakipima sianidi, sumu ya asili ya muhogo, inapungua wapi na inabaki wapi. Kisha ugonjwa wa konzo ukaja. Wazee wetu wanaujua: mtoto au mama kijana analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haponi tena. Hukumba walaji wa muhogo mchungu ambao hawana kitoweo chenye protini, na hushamiri miaka ya ukame, maana muhogo ukikosa maji sumu yake huongezeka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliwakumba tena watu wa kusini mwa Tanzania.

Taasisi ile ikashirikiana na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na kilichofika vijijini kilikuwa njia ya kulowanisha unga. Unaweka unga kwenye beseni, unatia alama pale ulipofikia. Unaongeza maji ukikoroga. Unga unashuka kwanza, halafu unapanda, na ukirudi kwenye alama unaacha kumimina. Unautandaza kwenye mkeka, unene usizidi sentimeta moja, saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sianidi inaondoka kama hewa. Kisha unasonga ugali wako siku hiyo hiyo. Haihitaji mashine wala mkopo, na kila nyumba ina beseni. Kiwango cha kimataifa cha unga wa muhogo ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo, lakini ni beseni ndilo linalomfikisha mama wa kijijini kwenye kiwango hicho.

Huo ndio ushirikiano ninaoutaka. Ulianza na ugonjwa wetu, ukapimwa kwenye unga wetu, ukarudi kwenye mikeka yetu.

Upande wa mahindi, taifa letu lina mfano mwingine mzuri. Martin Kimanya alikuwa mtumishi wa iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, alipofanya utafiti wake na Chuo Kikuu cha Ghent cha Ubelgiji. Baadaye alikuwa profesa katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Mwaka 2008 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya sampuli 120 za mahindi ya majumbani kutoka Tabora, Iringa, Ruvuma na Kilimanjaro: fumonisini, sumukuvu nyingine, ilikutwa katika asilimia 52, aflatoksini katika asilimia 18. Halafu wakawafuata watoto wachanga wa Rombo. Waliokula fumonisini kupita kiwango cha usalama walikuwa, wakitimiza mwaka, wafupi kwa sentimeta 1.3 na wepesi kwa gramu 328 kuliko wenzao. Kila ninapopakia unga wa lishe nazikumbuka gramu hizo. Mama wa mtoto yule hakuona ugonjwa wowote. Aliona mtoto mdogo tu, akasema amefuata umbo la babu yake.

Mwaka 2016 Dodoma na Manyara walipata msiba wenyewe: wagonjwa 68 wa sumu ya aflatoksini, 20 wakafariki. Na Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikaruhusu kwa masharti ya cheti cha vipimo. Nchi isiyo na vipimo vyake yenyewe haina cha kujibu siku mlango wa soko unapofungwa, na msindikaji wa Mtwara vivyo hivyo.

Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, na ofisi yao ya Kanda ya Kusini iko hapa hapa Mtwara. TARI Naliendele, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo chenye dhamana ya utafiti wa karanga, ni majirani zetu. Mbegu ya Pendo inayokomaa ndani ya siku 90 hadi 100 ni yao, na karanga inayowahi kukomaa huukimbia ukame wa mwisho wa msimu ambao ndio humpa kuvu nafasi shambani. Maprofesa wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wako mbali kidogo, ila simu inafika. Hatukukosa wataalamu. Tulichokosa ni meza moja ambayo mkaguzi, mtafiti na msindikaji wanakaa pamoja kabla utafiti haujaandikwa, tukaulizwa na sisi: ninyi mnataka kujua nini? Kamati imeandika barua kuomba meza hiyo. Hatujajibiwa, na tutafuatilia mpaka tujibiwe.

Yapo maswali ambayo tayari tunayo. Mashudu ya karanga tunayowauzia wafugaji yana kiasi gani cha sumu, ikiwa ng'ombe akila aflatoksini sehemu yake hutoka kwenye maziwa? Mashine ya kubangulia ikivunja punje, je, tunaondoa maji tukaingiza mpasuko ambao kuvu anaupenda vilevile? Hili la pili linanisumbua, kwa sababu chama kiko mbioni kununua mashine hiyo na sitaki tuinunue kwa kubahatisha. Nimeomba ipimwe kwanza na karanga zetu, zile za Nanyumbu na zile za Nachingwea, ndipo fedha zitoke.

Ombi langu la mwisho linahusu mkutano mkuu. Kila anayesindika karanga aje na kilo moja aliyoichota juu, kati na chini ya magunia yake yote, kwenye mfuko mkavu wa karatasi. Usiandike jina. Katibu atakuwa mlangoni na daftari la namba. Wabanguaji waje pia, nauli yao chama kitalipa.

Mwenyekiti
Mtwara