Maji ya Betri: Kwa Nini Kuchuja na Kuchemsha Hakutoshi

Wateja wengi wanaofika dukani kwetu Gerezani, Dar es Salaam, huuliza kwa nini wanunue dumu la maji ya betri ilhali nyumbani wana maji ya kisima yaliyochujwa, tena yanayong'aa. Jibu limo katika neno ambalo wengi wetu tulilisoma shuleni tukalisahau: kukeneka, kwa kuwa maji ya betri ni maji yaliyokenekwa.

Kukeneka ni kutenganisha mchanganyiko kwa kuchemsha kimiminika hadi kiwe mvuke, kisha kuupoza mvuke huo ili urudi kuwa kimiminika katika chombo kingine. Ukifunua sufuria ya maji ya chai, matone yanayotiririka kwenye mfuniko ni maji yaliyokenekwa. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, lakini chumvi iliyoyeyuka ndani yake haigeuki mvuke katika joto hilo, hivyo hubaki chini, na sehemu yake ndiyo ule ukoko mweupe unaokwanguliwa kwenye birika. Wapika gongo wanaijua kanuni hii barabara, ingawa hatuwasifu, na kule Pemba ndiyo inayotoa mafuta ya makonyo ya karafuu.

Chujio, kwa upande wake, hunasa mchanga na takataka tu. Chumvi iliyokwisha yeyuka hupita nayo. Kuchemsha bila kukusanya mvuke huongeza tatizo, kwa kuwa maji yanapungua na chumvi inabaki ileile.

Ndani ya betri mna pleti za risasi zilizozama katika asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Betri inapochajiwa, sehemu ya maji huvunjika kuwa gesi za haidrojeni na oksijeni zikatoroka, ila asidi hubaki. Kwa hiyo kinachopaswa kurudishwa ni maji matupu; anayeongeza maji makali, yaani asidi ya betri, kila kiwango kinaposhuka anaziunguza pleti zake mwenyewe. Maji ya kisima chenye chumvi nayo huingiza kloraidi na chuma, ambavyo hula pleti na kuifanya betri ipoteze chaji hata isipotumika.

Ongeza maji baada ya kuchaji, kwani kimiminika hupanda wakati wa kuchaji na kinaweza kufurika. Pleti zikiwa wazi, tia kwanza kiasi cha kuzifunika tu. Betri iliyozibwa kiwandani isifunguliwe kabisa, na mwenye nayo hana haja ya dumu letu.