Barua ya Wazi kwa Waziri wa Nishati: Fueli Ikishatumika, Itashughulikiwa na Nani?

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote. Hivi karibuni, kwenye kikao cha hadhara, afisa mmoja aliulizwa fueli ya nyuklia ikishatumika itapelekwa wapi. Akajibu, "Hayo ni ya baadaye." Basi tukumbushane: tuliahidiwa megawati 1,000 za umeme kutoka mtambo wa nyuklia wa Buyende, hapa Uganda, ifikapo 2031. Mtambo wa ukubwa huo hutoa takriban tani 20 za fueli iliyotumika kila mwaka. Baadaye hiyo mmeipa tarehe wenyewe.

Tena si takataka tupu. Kama asilimia 95 yake bado ni urani, na asilimia moja hivi ni plutoni. Kule La Hague, Ufaransa, fimbo za fueli hukatwakatwa, fueli ikayeyushwa kwenye asidi ya nitriki, kisha urani na plutoni zikavutwa kwa tributili fosfeti, kemikali inayozishika, iliyochanganywa na mafuta mepesi. Msumbufu ni neptuni, metali nyingine ya mionzi iliyomo kwenye fueli hiyo. Ikiwa na valensi (hesabu ya elektroni ilizopoteza) ya tano hubaki kwenye asidi. Ya sita, huhamia kwenye mafuta. Mara nyingi hugawanyika kotekote. Ukiirekebisha kwa chumvi za chuma, chuma hicho chote huishia kwenye taka.

Mwanga hubadili valensi bila kuacha chumvi. Maabara ya Oak Ridge, Marekani, ilishalichunguza hilo miaka ya 1970. Kinachokwamisha ni kwamba mmumunyo mzito wa fueli humeza mwanga kwenye milimita za mwanzo, hivyo lazima upite kwenye mirija myembamba. Glasi ya kawaida nayo hugeuka kahawia kwa mionzi; ndiyo maana hutakiwa mirija ya kwatzi. Na mwanga huohuo huivunja nitreti ikatoa asidi ya nitrasi, inayorudisha plutoni kwenye valensi ilikotoka, usipotia haidrazini, kemikali ya kuimaliza asidi hiyo.

Haya hujifunzwa mezani, bila fueli iliyotumika hata gramu. (Wanaodhani tunaomba kinu cha pili, watulie.) Uranili nitreti (chumvi ya njano ya urani) ya urani hafifu, ethanoli kidogo, haidrazini, taa ya LED ya nanomita 415, mapovu ya nitrojeni ya kufukuza oksijeni. Njano ikigeuka kijani, urani imeshuka hadi valensi ya nne. Nitrojeni ikikatika, kijani kinafifia. Umeme ukikatika pia, lakini hilo Wizara inalijua kuliko sisi.

Maombi yetu ya maabara ya kazi hii yamekataliwa kwa maelezo kwamba "hayana uharaka". Mkemia wa kazi hii haandaliwi kwa semina ya siku mbili hotelini. Tunaomba maabara moja, Mheshimiwa. Moja, yenye leseni, kabla mkataba wa fueli haujatiwa saini.

Wakemia wa mionzi, Kampala